Rivolva ya Kila Jumamosi

Jirani yangu wa mstari wa saba, pale renji tunapolengea shabaha, alijipangusa shavuni, akakitazama kidole chake, kisha akanitazama mimi. Kwenye ncha ya kidole palikuwa na damu, tone dogo kama la mtu aliyejikata na wembe. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshika rivolva yangu mpya, yaani mpya kwangu, najisifu moyoni kwamba leo matundu yanakusanyika vizuri kwenye karatasi. Sikung'amua mara moja kwamba damu ile nimeileta mimi.

Msimamizi wa renji alikuja bila haraka. Akaniambia nifungue silinda, nitoe kila kitu, niilaze mezani mdomo ukitazama mbele. Akatoa tochi ndogo mfukoni, akainama, akamulika pale silinda inapokutana na mtutu. "Mzee, chombo chako kinatema," akasema. Akapitisha kidole cha glavu chini ya fremu, kikarudi na vumbi la kijivu linalometameta. Ilikuwa risasi, kwa maana ya ile metali yenyewe. Kiswahili chetu kimeziita zote mbili jina moja, metali na kile kinachoruka, na siku ile niliona mantiki yake.

Nimwombe radhi tena hapa yule bwana, ingawa hasomi Kiswahili. Alikuwa amevaa miwani ya kinga. Asingeivaa, leo ningekuwa naandika habari nyingine kabisa.

Sasa nieleze nilivyojiingiza kwenye aibu hiyo, maana kinachoniuma ni kwamba mimi ni fundi. Nimefundishwa kazi ya fita kwenye karakana ya reli Tanga, na hapa Fort Worth, Marekani, nalipwa kutengeneza mikanda ya kusafirishia mizigo na zile foko za ghalani. Nikiletewa mashine iliyotumika, kitu cha kwanza naitikisa. Naisikiliza inavyocheza. Lakini nilipoingia kwenye duka la silaha nikaona rivolva ya .357 Magnum (ndiyo saizi ya risasi yake) iliyopakwa nikeli, inang'aa kama kijiko cha harusini, inauzwa dola 400, ufundi wote ulinitoka. Nikajaza fomu ya 4473, ile ya serikali ya mnunuzi wa silaha, wakaangalia jina langu kwenye mfumo wa serikali kuu, nikalipa, nikaondoka nayo. Sikuitikisa. Jina la kampuni naliacha, kwani kosa halikuwa la aliyeitengeneza. Ilikuwa imeshakula maelfu ya risasi mikononi mwa watu wengine kabla yangu, na hakuna aliyeiangalia.

Rivolva ina tatizo ambalo bastola ya magazini haina. Ya magazini, chemba, yaani pale risasi inapokaa, na mtutu ni kama kitu kimoja. Ya silinda ina matundu sita yanayozunguka na mtutu mmoja uliosimama, na kila ukivuta triga kuna kadole ka chuma ndani kanakoisukuma silinda mpaka tundu linalofuata lisimame sawasawa nyuma ya mtutu, kisha komeo dogo linapanda kutoka chini linaingia kwenye kijishimo na kuifunga. Yote haya yanatakiwa yakamilike kabla nyundo haijaanguka. Kadole kakishalika, au vijishimo vikishatanuka, tundu linafika limechelewa kidogo, labda kwa upana wa nywele mbili. Kinachotoka kwa kasi ya ajabu kinagonga ukingo wa koo la mtutu, yaani mlango wake wa nyuma, kinachongwa ubavuni, na zile chembe za metali zinatoka kwenye mwanya wa pembeni. Zinakwenda kwa jirani wa mstari wa saba.

Fundi wa silaha niliyempelekea alitaja bei ya matengenezo. Nikamshukuru, nikaichukua, nikaifungua kwangu vipande vipande. Mpaka leo iko kwenye droo.

Baada ya hapo nilikaa chini nikajiuliza swali ambalo ningejiuliza mwanzo: mimi nataka kuifanyia nini hii bastola? Siwindi. Sitembei nayo kiunoni. Mimi nalenga shabaha, basi. Niliipendea JKT, Mafinga, enzi za mujibu wa sheria, siku moja tu tulipopelekwa renji kuruti wote tumeganda kwa baridi ya alfajiri, nikapewa risasi chache za kuhesabu na zote zikaingia kwenye karatasi. Afande hakunisifu, ila alinitazama mara mbili. Nimeishi na ule mtazamo miaka zaidi ya thelathini. Sasa nikiwa nimemaliza zamu za usiku za wiki nzima, Jumamosi asubuhi naenda pale saa moja na nusu hivi, napiga risasi 100, siku nyingine 150, narudi nyumbani kichwa kikiwa chepesi. Wengine wanavua samaki.

Fanyeni hesabu. Hata nikikosa Jumamosi kadhaa, kwa mwaka ni kama 6,000. Mtu anayenunua rivolva ya kuweka sefuni na kuipiga mara mbili kwa mwaka anaweza kununua yoyote, itamzika. Mimi natafuta chombo cha kazi, kama anayetafuta lori la kubeba kokoto.

Mpwa wangu yuko Arusha, akaniuliza kwa WhatsApp: "Mjomba, kwa nini magnum? Si ndiyo ile inayovunja mkono?" Swali zuri. Neno lenyewe limeazimwa kwenye chupa kubwa za mvinyo, maana yake ni kipimo cha ziada. Mwaka 1935 kampuni ya Smith & Wesson walileta .357 Magnum kwa kuchukua ganda la .38 Special, ambalo lilikuwepo tangu mwisho wa karne ya 19, wakalirefusha kama milimita 3 na nusu, wakaongeza baruti. Kulirefusha kulikuwa na sababu: lisiingie kwenye rivolva za zamani za .38 likazipasua. Kiwango cha juu cha msukumo kwa .38 Special ni psi 17,000, yaani pauni kwa kila inchi mraba. Kwa .357 Magnum ni 35,000. Maradufu, na kipenyo cha kinachoruka ni kilekile.

Na hapo ndipo penye siri anayoijua kila mpiga shabaha mwenye mke na rehani ya nyumba. Rivolva ya .357 inapiga .38 Special bila kubadilishiwa kitu chochote. (Kinyume chake hakifai kabisa.) Kwa hiyo unanunua chombo kilichojengwa kuhimili psi 35,000 halafu siku nyingi unakilisha nusu ya hiyo. Ni kama kuendesha lori la tani saba na mzigo wa tani tatu. Litazeeka lini? Na mfukoni, boksi la 50 la .38 pale ninaponunua ni dola ishirini na kitu. La magnum linapita thelathini kirahisi. Mimi napiga .38 mia, halafu namalizia na magnum 12 au 18 ili mkono usisahau, na, niseme ukweli, kwa sababu ule mlio na ule moto vinanifurahisha.

Kuna .44 Magnum pia. Renji ninayokwenda wanakodisha, nikaikodi siku moja. Nilipiga 12. Ya kwanza nilicheka, ya sita nilinyamaza, ya 12 niliirudisha kaunta nikinyoosha vidole. Mtu mwenye umri wangu anayeshika spana kwa riziki hana sababu ya kuuchosha mkono wake wikiendi. Nikabaki na .357.

Sasa ipi? Hapa nilisoma sana, na kilichonifumbua macho ni historia moja ya miaka ya 1950. Bill Jordan, askari wa doria ya mpakani Marekani, mpiga bastola aliyesifika, alitaka .357 iwe nyepesi ya kuvaa kutwa nzima. Mwaka 1955 Smith & Wesson wakamtolea, kwenye fremu yao ya kati, ile K, ambayo kwa asili ilikuwa ya .38. Baadaye ikaitwa Model 19. Ni chombo kizuri mno, nimewahi kukishika, kinakaa mkononi kama kimezaliwa hapo. Lakini ili mtutu na silinda vienee kwenye fremu ile ndogo, ilibidi koo la mtutu lichongwe bapa kidogo upande wa chini. Ule ubapa ndio udhaifu wake. Mpango wa wakati ule ulikuwa mtu afanye mazoezi na .38 na kubeba magnum. Mambo yakabadilika, idara za polisi zikaanza kufanya mazoezi kwa magnum zenyewe, hasa zile nyepesi za kasi za greni 125 (kama gramu 8), na makoo yakaanza kupasuka palepale penye ubapa. Fundi yeyote atakuambia ufa unaanzia penye wembamba.

Jibu la Smith & Wesson lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980: fremu ya L, kubwa kidogo, koo nene la mviringo kamili. Ndiyo Model 586, ya chuma cha kawaida, na 686, ya chuma kisichoshika kutu. Ruger, kampuni nyingine, nao walikuwa na rivolva ya Security-Six tangu miaka ya 1970, na katikati ya miaka ya 1980 wakaiondoa wakaleta GP100. Hizi mbili, 686 na GP100, ndizo nilizobaki nazo kwenye karatasi. Python, rivolva ya kampuni ya Colt iliyorudi sokoni mwaka 2020, niliitazama kwenye kabati la vioo, nikatazama bei, nikaendelea na safari.

Nilizikodi zote mbili kwa Jumamosi mbili tofauti. Kwa triga, 686 inashinda, wala sibishani na mtu. Inateleza kama siagi, unajua hasa nyundo itaanguka lini. Ya GP100 toka dukani ni nzito na ina mkwaruzo katikati, kama droo ya kabati la zamani. Uzito wa vyombo vyenyewe karibu sawa, kilo moja na gramu mia na kidogo kwa mtutu wa inchi nne, na huo uzito ni rafiki yako. Teke la magnum linakufa ndani ya chuma kabla halijafika kwenye kifundo cha mkono.

Kilichoniamulia ni jinsi zilivyojengwa. Ile ya Smith & Wesson ina kifuniko ubavuni kwa skrubu; ukitaka kuona utumbo wake unafungua kifuniko, kwa bisibisi inayoenea barabara na kwa adabu, maana ukikibandua kwa nguvu utakipinda. Ya Ruger haina kifuniko. Fremu ni nzima pande zote mbili, na triga na jamaa zake wote wanatoka kwa chini kama kifurushi kimoja. Silinda yake imefungwa sehemu tatu: nyuma, chini kwenye komeo, na mbele kwenye ule mkono unaoibeba. Na vile vijishimo vya komeo havikuchimbwa juu ya sehemu nyembamba kabisa ya ukuta wa tundu, vimesogezwa pembeni. Mtu aliyefikiria hayo alikuwa anafikiria jinsi chombo kitakavyochakaa. Wapo watakaosema fremu ya Ruger ni ya kumiminwa na ya Smith & Wesson ni ya kufuliwa, kwa hiyo ya Ruger ni dhaifu. Ruger wanajua hivyo pia, ndiyo maana walinenepesha. Nimeona vyuma vya kumiminwa vikibeba mabehewa. Sikubabaika.

Tuje kaunta. Safari hii nilikwenda na fila geji yangu ya kusetia tapeti, yale majani membamba ya chuma ya kupimia mwanya. Kijana wa dukani aliniangalia, akacheka, lakini akaniruhusu. Niliomba ruhusa kwa kila hatua, na nyie ombeni. Watu hawapendi mgeni anayechezea mali isiyo yake. Kwanza tukahakikisha haina kitu, yeye kisha mimi. Nikafunga silinda, nikaishika kwa vidole viwili, nikaisukuma mbele na nyuma. Ikicheza na unasikia "tik," huo mchezo utakua, kwa sababu kila mlio unaipiga silinda kama nyundo. Hii haikucheza. Halafu nikavuta nyundo polepole, polepole kabisa, huku kidole gumba cha mkono mwingine kikiigusa silinda iwe na uzito kidogo, nikasikiliza komeo liingie kabla nyundo haijafika mwisho. Matundu yote sita, moja baada ya jingine. Hiki ndicho kipimo ambacho ile ya nikeli ingefeli kwenye tundu la pili tu, na kilihitaji dakika moja.

Mwisho fila. Mwanya kati ya silinda na mtutu unatakiwa uwe wa milimita 0.1 hadi 0.2. Ukiwa mdogo zaidi, masizi yataifanya silinda igome baada ya maboksi mawili. Ukiwa mkubwa, moto mwingi unatoka pembeni. Ile niliyoshika, jani la 0.13 lilipita, la 0.15 likagoma. Kijana akaacha kucheka, akaomba nimwonyeshe tena.

Nikalipa dola 800 na ushei. Mtutu wa inchi 4.2, chuma kisichoshika kutu, mpini wa mpira. Mama watoto aliiangalia mezani akasema ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Kwa sura, kweli.

Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita. Nina daftari, tabia ya karakana, naandika kila Jumamosi. Hadi wiki jana ni risasi 11,340, kati yake magnum 1,506. Triga ililainika yenyewe kufika kama 2,000, halafu nikabadilisha springi mbili, sasa sina wivu tena na wenye 686. Jani la 0.15 sasa linapita kwa kusugua. Kwenye paa la fremu, juu ya mwanya, kuna mstari mwembamba uliochorwa na moto, kama mtu amepitisha ncha ya msumari. Ulinitisha mwanzo, lakini mistari ya namna hii kwa kawaida hufika kina fulani ikasimama. Naupima kwa kucha kila mwezi, hauongezeki.

Ilinigomea mara moja tu, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa natoa maganda huku mdomo ukiangalia chini, chembe za baruti ambazo hazikuungua zikaanguka chini ya ile nyota inayosukuma maganda, silinda ikakataa kufunga. Nikadhani imevunjika. Ilikuwa chembe moja, ndogo kuliko ufuta. Tangu siku hiyo nageuza mdomo juu kabisa kabla ya kusukuma kijiti, kwa nguvu, mara moja, na mswaki wa zamani uko kwenye begi.

Na kama unapiga .38 nyingi, kuna pete ya masizi inayojijenga ndani ya kila tundu, pale ganda fupi linapoishia. Usipoisugua, siku ukiweka magnum, ambayo ni ndefu, haiingii mpaka mwisho. Watu wanasukuma kwa gumba, wanalaumu kiwanda. Ni pete tu. Brashi ya shaba na dawa, dakika kumi. Nasafishia barazani, kwa sababu harufu ya Hoppe's No. 9, ndiyo dawa yenyewe, imepigwa marufuku ndani ya nyumba yetu kwa amri isiyokatiwa rufaa. Mimi ile harufu naipenda. Inanikumbusha karakana.

Neno moja kwa wanaopiga ndani ya jengo, maana hili watu wanalichukulia mzaha. Magnum chini ya paa ni ghasia. Vaa viziba masikio vya sponji ndani na vile vya kikombe juu yake, vyote viwili. Mimi mashine za reli zilishachukua sehemu ya sikio la kushoto, iliyobaki naitunza. Na lile vumbi la kijivu alilonionyesha msimamizi ni sumu, linakaa mikononi na kwenye nguo. Nanawa kwa maji baridi na sabuni kabla sijagusa hata ufunguo wa gari, nabadilisha shati, na viatu vya renji haviingii kwenye kapeti ambalo mjukuu anatambaa. Chombo kinaingia sefuni kabla sijaoga. Namba za sefu tunazijua wawili tu.

Marehemu babu yangu kule Handeni alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe pori shambani. Lilikuwa limefungwa kwa waya sehemu mbili, na kila likilia sisi watoto tulikuwa tunalala chini, si kwa hofu ya nguruwe. Ningependa angeshika hii mara moja, aisikie inavyofunga.

Yule bwana wa mstari wa saba bado tunakutana. Tunasalimiana vizuri, tumeshawahi hata kunywa kahawa. Nilimwonyesha GP100, nikamfanyia kile kipimo cha silinda mbele ya macho yake, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Jumamosi iliyofuata nilipopewa mstari wa sita, alibeba begi lake, akahamia wa kumi.